Mistari Myekundu ya Mnara wa Saba

Kwa miaka kumi na tisa Bi Spana alikuwa mkaguzi wa minara ya upepo, ile inayounganishwa bandarini kisha ikapelekwa kusimama baharini ifue umeme. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona ujinga uliovaa vizuri kama Mhandisi Mkuu. Kofia nyeupe pe, buti halijui tope! Mtu huyo alikagua minara kama anayekagua mapazia ya sebuleni.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Fundi akishakaza nati kwa spana ya kupimia mkazo, anaichorea mstari mwekundu, kuonyesha kwamba imekazwa. Mafundi wa mnara wa saba walipogundua kwamba Mhandisi anatazama mistari tu, wala hagusi nati, wakaweka spana chini. Wakawa wanachora.

Bi Spana akaingia kwenye kitako cha mnara, akashika nati ya kwanza kwa vidole viwili. Ikazunguka! Ya pili, vilevile.

"Ebo! Mnampaka nani mafuta kwa mgongo wa chupa?"

Aliyeshika kopo la rangi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyemwombea kazi yeye mwenyewe. Akiandika ukweli kwenye ripoti, kijana anafukuzwa. Asipoandika, mnara unaondoka na dhoruba, pamoja na mafundi watakaoutunza huko baharini, na mdogo wake ni mmoja wao. Hata hilo, bwege lile halikulifikiria!

"Dada, nifichie, tafadhali. Dhoruba kali hivyo huja mara moja kwa miaka hamsini."

"Na hiyo mara moja wamekwambia ni lini?"

Mhandisi akachungulia mlangoni, asije akachafuka. "Mama, mistari yote ipo. Weka sahihi, meli inasubiri."

"Kwani dhoruba inajua kusoma mistari?"

Machozi yalimlengalenga, akayameza kwa hasira. Akaandika: nati mia moja na ishirini, zote zirudiwe; mkaguzi wa kwanza: Mhandisi Mkuu; mchoraji: mdogo wangu. Akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki haikuisha, mama yao akapiga simu, anafoka.

"Huna haya! Umemfukuzisha kazi mwanangu, kutwa yuko hapa sebuleni ananuna!"

"Ndiyo, mama," akajibu Bi Spana. "Mwache anune. Unaye."