Nalangu na Meli ya Ng'ombe

Nalangu aliuza maji Kitengela miaka kumi na moja kabla hajayaingia hata mara moja. Alianza mwaka 1992, akiwa na punda wawili na mkokoteni uliosikika kabla haujaonekana. Alichota kwenye kisima cha kanisa na kuwapelekea watu waliokuwa wakijenga kwenye ploti mpya kando ya barabara ya Namanga. Kufikia 2003 alikuwa na punda sita, vijana wawili wa kazi, na mabega ambayo fundi wa nguo alilazimika kuyapima mara mbili. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na tisa. Watu walimwita Mama Maji, na walipokutana naye njiani hawakumuuliza habari za nyumbani. Waliuliza kama kisima kina maji.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Bedan, mzamiaji aliyestaafu jeshi la majini. Wenzake walipopata kiinua mgongo walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alinunua ploti nyuma ya soko la mifugo, akachimba bwawa lenye kina cha mita nne. Majirani walisema anachimba kaburi la ukoo mzima. Kumbe alitaka kufundisha watu kuzamia. Kila Jumamosi wanafunzi wake, wengi wao kutoka Nairobi, walifanya mazoezi humo, na baada ya miezi kadhaa aliwapeleka Mombasa kuzamia baharini kwenyewe. Jua la Kitengela na upepo wake vililinywa lile bwawa bila huruma, kwa hiyo kila wiki Nalangu alileta mikokoteni minne ya maji kuliongezea.

Jumamosi moja mwezi wa Februari alikuwa akimimina jerikeni la mwisho alipochungulia chini, akaona mtu ameketi sakafuni mwa bwawa. Alikuwa Ruqia, mwanamke wa Garissa aliyeuza vitambaa karibu na stendi. Nalangu alimjua kwa sauti, kwa sababu Ruqia alikuwa mtu wa kupigia wateja kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa alikuwa ametulia tuli ndani ya suti nyeusi ya mpira iliyomfunika mpaka kichwani, miguu ameikunja, na mapovu yakipanda moja moja kutoka kinywani mwake. Nalangu alisimama pale mpaka punda wakaanza kuvuta kamba. Ruqia hakutoka.

"Mwalimu," alimwambia Bedan, "yule atakaa huko mpaka lini?"

"Mpaka achoke. Ako na hewa ya saa nzima."

Nalangu aliweka jerikeni chini. "Nimeuza maji miaka kumi na moja. Sijawahi kuyaingia. Nifundishe."

Bedan alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Walipatana hapo hapo: yeye ataleta maji bure, Bedan atamfundisha bure.

Ilibidi kwanza ajue kuogelea, na hilo peke yake lilimla miezi mitano. Mwili wake uliozoea kubeba haukujua kuachilia. Kila Bedan alipomwambia alale juu ya maji, yeye alikaza shingo, akazama kama jiwe. Alimeza maji mengi kuliko aliyoyauza. Hata hivyo hakukosa Jumamosi hata moja, na mwezi wa Julai alivuka bwawa mara ishirini bila kugusa ukingo. Alipotoka alitapika kwenye maua ya Bedan, akauliza kinachofuata ni nini.

Kilichofuata kilikuwa kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza, na Nalangu aliishia darasa la saba. Ruqia ndiye aliyemsaidia. Jioni, baada ya kufunga duka, waliketi nyuma ya marobota ya vitambaa, Ruqia akisoma na kutafsiri: kwa nini masikio yanauma ukishuka, jinsi ya kubana pua na kupuliza ili yafunguke, na kwa nini mtu hapaswi kamwe kuzuia pumzi akiwa chini. Huko chini dole gumba likielekezwa juu halina maana ya kwamba mambo ni mazuri. Maana yake ni twende juu. Mara mbili Nalangu alikuwa amemwonyesha Bedan dole gumba kwa furaha, na mara mbili Bedan akamtoa bwawani.

Novemba mwaka huo walikwenda Mombasa. Nalangu hakuwa amewahi kuona bahari. Aliitazama kidogo tu, akauliza ni nani huijaza, na watu wote kwenye boti wakacheka. Lakini walipofika kwenye mwamba wa matumbawe na kushuka mita sita, hakuna aliyecheka. Zoezi la kwanza lilikuwa lile alilolifanya bwawani mara nyingi: kuruhusu maji yajae ndani ya miwani ya kuzamia, kisha kuyatoa kwa kupuliza kwa pua. Maji ya bwawa yalikuwa maji tu. Haya yalikuwa na chumvi. Yaliingia machoni kama pilipili, na badala ya kupuliza, Nalangu alivuta. Kifua kilifunga. Alitema kipumulio, akaanza kupiga miguu kuelekea kwenye mwanga.

Bedan alimdaka kifundo cha mguu. Alimrudishia kipumulio mdomoni kwa nguvu, akampandisha polepole huku amemkumbatia kama gunia.

Juu ya boti alimwacha akohoe mpaka akamaliza. "Ungefika juu umezuia pumzi," alisema, "mapafu yangepasuka. Mimi nimezika mtu wa namna hiyo."

"Nirudi saa hii."

"Hapana. Nalangu, sikiza. Utaniletea maji kama kawaida, na bwawani karibu wakati wowote. Lakini baharini, hapana. Si kila mtu ni wa bahari."

Walianza safari ya kurudi. Ruqia, aliyefaulu mazoezi yote, alijaribu kumpa Nalangu chai ya thermosi, akakataa. Hakuwa na hasira na Bedan. Alikuwa akiurudia ule mvuto mmoja wa pua, tena na tena, akitafuta mahali ulipoanzia.

Kesho yake alinunua kilo saba za chumvi. Alikoroga pipa la maji uani mpaka ladha ikamkumbusha boti. Kisha akavaa miwani aliyoazima kwa Ruqia, akakamata kingo za pipa, akaingiza uso.

Alifanya hivyo kila alfajiri kabla ya kuwafunga punda. Mwanzo alitoka akipiga chafya na macho mekundu, wateja wakadhani amefiwa. Jirani mmoja alimwita kando amuulize kama anaonewa na mapepo. Nalangu alimjibu kwamba anaonewa na pua, na mwezi huu mmoja wao atashindwa. Aliyajaza maji kwenye miwani, akayatoa. Akavua miwani kabisa, akafungua macho ndani ya chumvi, akaivaa tena. Mara ishirini kila siku, na siku alizokosea hata mara moja alianza kuhesabu upya. Baada ya Krismasi punda walizoea hata wakaacha kumtazama.

Mwisho wa Januari alifika kwa Bedan bila jerikeni. "Nijaribu," alisema.

"Nilikwambia—"

"Nijaribu hapa. Ukiona hofu, sitauliza tena."

Walishuka mpaka sakafu ya bwawa. Bedan aliogelea akimzunguka kana kwamba anakagua kitu kingine, kisha kwa ghafla akanyoosha mkono, akampokonya miwani usoni. Nalangu aliendelea kupumua. Hakuinua hata mkono kuitafuta. Alikaa macho wazi, akiliona umbo la Bedan kama doa jeusi, mpaka Bedan mwenyewe akachoka kungoja, akamrudishia. Aliivaa, akapuliza, ikawa safi.

Bedan alipoibuka alijipangusa uso. "Umefanya nini?"

"Nimekuwa nikiosha uso," alisema Nalangu.

Mwezi wa Machi, kabla ya masika, walirudi Mombasa. Kwenye mwamba alijaza na kumwaga miwani mara tatu, ingawa Bedan alikuwa ameomba mara moja tu. Ndipo kwa mara ya kwanza akageuza kichwa kutazama alipo. Samaki wadogo wa manjano walikuwa wakila kwenye matumbawe, wote wameelekea upande mmoja, kama mbuzi mlimani upepo unapovuma. Alitaka kukaa pale siku nzima.

Kuzamia kwa mwisho kulikuwa kwenye meli. Bedan aliwaeleza wakiwa botini kwamba ilikuwa meli ya kusafirisha ng'ombe, ikazeeka, ikazamishwa makusudi miaka michache nyuma ili matumbawe na samaki wapate makao. "Hatuingii ndani. Tunapita juu ya sitaha, mita kumi na sita, hatuzidi kumi na nane. Nalangu na Ruqia ni pamoja. Kila mmoja amwangalie mwenzake."

Walishuka wakifuata kamba. Maji siku hiyo yalikuwa na ukungu. Kwa muda Nalangu hakuona chochote ila mkono wake kwenye kamba, kisha chini yake likatokea giza lenye pembe, likaongezeka mpaka likawa meli. Mkondo ulikuwa na nguvu kidogo. Bedan alitangulia, na akapotea kwenye ukungu mbele yao. Nalangu alikuwa akitazama vyumba vya mifugo, vyuma vilivyopangwa safu kwa safu vikiwa vimeota magamba, alipohisi kwamba mapovu ya pembeni yake yamebadilika. Yalikuwa yakitoka mengi, kwa haraka.

Aligeuka. Ruqia alikuwa amenaswa. Uzi wa wavuvi, mwembamba usioonekana, ulikuwa umezunguka pezi la mpira la mguu wake wa kushoto na kulifunga kwenye reli ya meli. Alivuta, ukakaza. Alivuta tena. Macho yake ndani ya miwani yalikuwa makubwa, na mikono ilikuwa imeanza kwenda usoni, kwenye kile kipumulio.

Nalangu aliwahi kuwaondoa punda mtaroni mara nyingi, wakiwa wamejifunga na kamba zao wenyewe. Hakuna aliyeanza na kamba akafaulu; kwanza hutulizwa punda. Alimwendea Ruqia kwa mbele, akaweka kiganja kimoja juu ya kipumulio kukizuia kisitoke, na kingine nyuma ya shingo, akasogeza uso wake mpaka miwani zao zikakaribia kugusana. Alivuta pumzi ndefu ili Ruqia aione. Akaitoa. Akavuta tena. Ruqia alitikisa kichwa, akapiga miguu, lakini Nalangu hakumwachilia. Pumzi ya nne walivuta pamoja. Ya sita ilikuwa ndefu.

Ndipo akateremka miguuni. Uzi haukukatika kwa mkono, wala hawakuwa na kisu. Kwa hiyo aliuacha. Alitafuta kifungo cha mkanda wa pezi, akakibonyeza, akalivua pezi zima mguuni na kuliacha likining'inia kwenye reli. Ruqia alikuwa huru. Nalangu alisoma mshale wa hewa ya mwenzake, akaona umebaki hamsini, robo tu ya mtungi, akamwonyesha dole gumba, na safari hii alimaanisha hivyo hasa.

Walipanda wakishikana mikono. Mita tano kutoka juu walisimama dakika tatu kama kitabu kilivyosema, na hapo ndipo Bedan alipowakuta, akitoka kwenye ukungu kwa kasi ambayo mwenyewe huwakataza wanafunzi.

Botini alivua vifaa vyake bila kumwangalia mtu. "Nilitangulia mno," alisema hatimaye. "Kosa ni langu, si lenu." Akatoa daftari lake, akaandika jina la Nalangu kwenye orodha ya waliofaulu.

Ruqia alikuwa wa mwisho kushuka ufuoni. Alikuwa amejifunga taulo na kushika ule mguu ulionaswa.

"Ulinishika kama punda," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanipumulia usoni hivyo hivyo?"

"Punda huwa namwimbia pia. Kule chini haingewezekana."

Ruqia alianza kucheka, kisha kilio kikamshinda, na Nalangu akamkalia karibu mpaka kikaisha. Baada ya siku hiyo Ruqia aliendelea kuzamia kwenye miamba, lakini hakukaribia meli tena, na hakuna aliyemuuliza.

Wiki mbili baadaye Nalangu alipanda gari kwenda Bissil kumwona mama yake. Alimkuta nje ya nyumba akishona shanga.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu mama kwa lugha ya nyumbani, akiinamisha kichwa.

"Iko," alijibu mama, akamgusa utosini. "Unanuka nini?"

"Mpira. Nilikuwa baharini." Akamweleza yote: boti, chumvi, uzi, na ile meli. Mama alisikiliza bila kuacha kushona mpaka alipofika kwenye vyumba vya mifugo. Hapo sindano ilisimama.

"Ng'ombe walikufa ndani?"

"Hapana, yeyo. Ilizamishwa tupu."

"Walikuwa wakisimama au wakilala?"

"Nafasi ni ndogo. Nadhani walisimama njia nzima."

"Na maji ya kunywa?"

"Niliona mabirika kwenye kona. Membamba."

"Ng'ombe wangapi?"

Nalangu alikiri kwamba hakuhesabu, kwa sababu ya Ruqia. Mama alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyemlea mwanawe vizuri, halafu akaona pengo mahali ambapo hakulitegemea. "Basi rudi ukahesabu," alisema, na kuanza kushona tena.

Nalangu alirudi mara saba katika miaka iliyofuata, na katika ziara ya tatu ndipo alipopata hesabu kamili. Mwaka 2007 Bedan alimfanya msaidizi wake. Punda aliwaachia vijana wake wa kazi, ila mmoja tu, mzee, aliyekataa kuvutwa na mtu mwingine. Jumamosi asubuhi wanafunzi wapya walipofika kwenye lango nyuma ya soko la mifugo, walikuta mwanamke mwenye mabega mapana akiwangoja kwenye ukingo wa bwawa, tayari amevaa mkanda wa vipande vya madini ya risasi, vya kumsaidia kuzama. Hakuwauliza wametoka wapi wala wanafanya kazi gani. Aliwaambia wavue viatu, waingie, na wasianze kuogopa mpaka wafike sakafuni.