Kobe Waliofunga Ramadhani Mwabungo

Zamani zetu, jamani, mtoto wa Mwabungo hakununuliwa kitu cha kuchezea. Ulichezea ulichookota, na ukishaokota ukakilinda, maana mwenzako naye macho anayo. Tulikuwa na mipira ya matambara, pia za makuti, magari ya madafu makavu yasiyokwenda mbele wala nyuma. Na mwaka mmoja, katika hiyo miaka ya hamsini, mimi na kaka yangu Hamisi tukapata kobe. Wawili. Niliwahesabu mara mbili, kwa sababu mjomba alisema ni wawili, na mimi tangu utotoni siamini gunia lisilofunguliwa.

Mjomba wetu alifanya kazi ya reli Mackinnon Road, huko kwenye vumbi jekundu, na kila alipokuja likizo alituletea cha kutustaajabisha. Safari ile alimwaga gunia uani, wakatoka wale kobe, madoadoa ya manjano na meusi mgongoni, wakubwa kama sufuria ya pilau ya watu wanne. Mama alipanda juu ya kinu. Mpaka leo sijui mtu wa umbo lake alisimamaje juu ya kinu. Yule mkubwa alivuka ua bila kumtazama mtu wala kuitikia salamu, Hamisi akamwita Gavana papo hapo. Mdogo akawa Mke wa Gavana.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na pini nyingi mdomoni. Alizitoa pini ndipo akasema.

"Nimekubali kwa sharti. Sitaki kiumbe cha Mungu kife njaa nyumbani mwangu. Mjomba wenu atarudi siku ya Idi. Akikuta hawali, wanarudi naye."

"Baba, Idi mosi ama Idi pili?" nikauliza.

"Idi mosi."

"Asubuhi ama baada ya chakula?"

"Mwanasha!"

Lakini "baada ya chakula" nilikuwa nimeshaiweka kibindoni.

Kesho yake Ramadhani ikaingia. Ilikuwa masika, ardhi imelowa, kila kilichokuwa na mzizi kinaota. Tukawaandalia kobe wetu vitu ambavyo sisi wenyewe tungeviibiana: wali wa nazi, kipande cha papa wa kukaanga, mhogo, hata tende moja, nayo tulipigania nani ajinyime. Gavana aliinusa tende, akavuta kichwa ndani, akafunga duka. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu Hamisi akanijia mbio, macho yamemtoka.

"Mwanasha, wallahi hawa wamefunga!"

Na mimi, mtoto niliyekuwa nikibishania bei ya kila kitu, hilo nililinunua bila kupatana. Si ilikuwa Ramadhani? Si walikuwa hawali? Tukatangaza. Kufikia alasiri ua wetu ulijaa watoto kutoka huku na huku hadi Galu, wamechuchumaa kumtazama kobe mwenye saumu. Kina mama walifurahi kuliko sisi, maana walipata bakora mpya. Jirani yetu Kassim, aliyekuwa na mazoea ya kwenda kisimani kunawa uso na kurudi ameshiba maji, hakuwa na pa kujificha.

"Huoni haya!" mamake alimpigia kelele ukutani. "Kobe wa Mackinnon Road afunge, wewe mtoto wa Mwabungo uramberambe ndoo!"

Kassim aliapa kwamba siku moja atamfumania Gavana.

Taabu ilianza magharibi. Adhana ikatoka, sisi tukapiga tende na uji wa pilipili manga, tukawakimbilia wafungaji wetu na futari. Wamelala! Tukawagongea mgongoni kwa adabu. Kimya. Bibi yetu, aliyekuwa kwenye mkeka akimenya kiazi kitamu, alicheka mpaka kiazi kikamtoka.

"Hao wanaunganisha usiku na mchana, wajukuu zangu. Hao ni mawalii."

Lakini baba hakucheka. Nilimwona akiwatazama kobe, kisha akalitazama gunia lililoning'inia mlangoni. Usiku ule nilikula kidogo, na mimi si mtu wa kula kidogo. Asubuhi, kwenye chuo cha Kurani, Hamisi akajikaza akamuuliza maalim kama mnyama hufunga.

"Saumu ni yako wewe mwenye akili," maalim akasema. "Mnyama asiyekula ana njaa ama ana maradhi. Na wewe mwenye akili, jana saa tano nilikuona juu ya mpera. Ulikuwa ukisoma huko?"

Darasa zima likavunjika mbavu, na sisi wawili tukarudi nyumbani tumenywea. Si mawalii tena. Tulikuwa tukiwaua kobe wetu kwa wali wa nazi.

Tulipofika uani Gavana hakuwapo. Nikahesabu: kobe mmoja. Nikahesabu tena, kana kwamba wa pili angejitokeza kwa kuona aibu. Tulitafuta chini ya vitanda, nyuma ya choo, ndani ya pakacha la kuku. Ndipo sauti ya Kassim ikapaa kutoka nyuma ya shamba la bibi, sauti ya mtu aliyelipwa deni la mwaka mzima.

"Kobe anakula mchana! Njooni muone! Gavana anakula mchana kweupe!"

Watu wakatoka. Gavana alikuwa juu ya lile fungu la magugu ambayo bibi aling'oa kwenye mchicha wake na kuyatupa, shingo ameinyosha, mdomo kijani mpaka kidevuni, anatafuna. Anatafuna mchunga ule mchungu. Anatafuna tsalakushe, ile mboga inayojiotea yenyewe. Anatafuna dzadza, lile gugu la kutambaa lenye viua vya buluu ambalo bibi alilichukia kuliko fisi. Kassim alikuwa akicheza ngoma peke yake. Na sisi, badala ya kuaibika, tukamshika mikono tukacheza naye, tukimzunguka Gavana, huku bibi akiuliza kuna nini, nani kaolewa.

Basi tukajua dawa. Tatizo likawa wingi, maana kumbe kobe akishaanza hana breki, na Mke wa Gavana alikuwa mlaji kuliko mumewe. Hapo ndipo kipaji changu kikapata kazi. Nikapita nyumba kwa nyumba: "Shikamoo bibi, nikupalilie?" Nilipalilia, magugu nikabeba, na kwa kupalilia nikadai dafu la kufuturia. Kwa hiyo nililipwa ili nichukue nilichokitaka. Biashara nyingi nimefanya baadaye maishani, ile sijaipata tena.

Lakini wiki mbili hazikwisha, mashamba ya jirani yakawa safi kama uwanja wa msikiti. Tulikuwa tumejimalizia akiba wenyewe. Hamisi akasema basi tupande. Tukaomba kipande cha ardhi nyuma ya choo, tukalima matuta mazuri, tukapandikiza dzadza na tsalakushe kwa mistari, tukamwagilia kwa kata siku mvua ilipokosa. Mchicha ulipojiotea katikati tukaung'oa kwa hasira. Kina mama walikuja kutazama wakashikana mabega. Mmoja aliketi chini kabisa, machozi yakimtoka.

"Watoto hawa wanang'oa mboga ili gugu lipate nafasi!"

"Na limekataa kuota," nikamwambia, maana ni kweli. Gugu ambalo bibi aliliua kila siku likafufuka, siku tulipolitaka lilinyauka likalala. Ilibidi bibi mwenyewe aje alitukane kidogo, ndipo likashika. Hivyo ndivyo alivyodai, na mimi sina ushahidi wa kupinga.

Idi mosi ikafika, na mjomba akafika. Ua ulijaa kanzu mpya na leso mpya zenye harufu ya dukani. Baba alikuwa katika kanzu aliyojishonea mwenyewe baada ya kushonea watu mwezi mzima, nyeupe mpaka inaumiza macho. Tukamleta Gavana mbele ya tuta lake. Na kwa kelele zile, Gavana akafunga duka.

Tulibembeleza. Hamisi aliimba. Kassim alitishia kumfumania tena. Mjomba akalitungua gunia.

"Baba," nikasema, "chakula hakijaliwa. Tulisema baada ya chakula."

"Hatukusema," baba akajibu.

Kisha akawanyamazisha watu wote kwa mkono mmoja. Akachuma jani la mchunga, akapiga magoti kwenye tope la tuta na kanzu yake ile nyeupe; mama akatoa sauti kama ya mtu aliyechomwa. Baba akangoja. Tukasikia mpaka inzi. Kichwa kikachungulia, kikarudi, kikatoka tena. Gavana akalinyakua lile jani kutoka vidoleni mwa baba, akatafuna taratibu, mdomo ukalia kram, kram. Baba hakuinuka. Alinyosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipeni jingine."

Mjomba akalikunja gunia akalikalia. Sisi tulipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakaingia kupongeza arusi, na mama hakuwarudisha, akawapa pilau.

Siku hizi mjukuu wangu ana simu inayojua chakula cha kobe wa dunia nzima, na gugu lililo mlangoni mwake halijui jina. Tsalakushe inafungwa vitita, inauzwa Kona ya Musa, na muuzaji hapunguzi hata nikimwamkia vizuri. Vijana huko mahotelini Diani wanalipwa kunyunyizia dawa kila kinachoota bila ruhusa. Hivi majuzi nilikwenda kwa binti yangu, nyumba nzuri, ua wote umepigwa matofali ya sementi, safi, hauna tope. Kitukuu wangu akanishika mkono akaniambia, "Bibi, tucheze." Nikazunguka naye ua mzima nikitafuta jani moja la kumchumia, nimwonyeshe. Tukarudi mikono mitupu, tukaketi kwenye viti vya plastiki.