Bwawa la Tisa kwenye Ulimi wa Verlene

Katika Delta ya Mississippi ardhi imelala chali. Ukisimama juu ya tuta la bwawa unaiona mvua ya mchana tangu asubuhi. Zamani yote ilikuwa pamba. Pamba ilipoacha kulipa, wenye mashamba walileta matingatinga, wakainua matuta juu ya ule udongo mzito usiopitisha maji, wakafuga kambare pale pale ambapo watu walipalilia mpaka migongo ikapinda. Verlene Gatewood alizaliwa kwenye pamba akazeekea kwenye kambare, na katika miaka yake sitini na miwili hakuwahi kuhama zaidi ya maili sita.

Kazi yake ilikuwa kuonja. Kiwanda cha kusindika samaki hakikupokea lori la mfugaji yeyote kabla Verlene hajaonja samaki wa bwawa lile mara tatu, kwa siku tofauti. Samaki alitiwa kwenye mfuko wa karatasi, bila chumvi, akaiva ndani ya maikrowevu. Verlene aliufungua mfuko, akanusa, akakata kipande cha mkia. Kisha neno moja: safi, au tope. Maji yakipata joto, mwani huchanua na nyama hushika ladha ya tope, na hapo bwawa zima husubiri, samaki wakiendelea kula chakula cha mfugaji. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mnunuzi aliyerudisha samaki aliowapitisha yeye. Mfugaji mmoja alizoea kumtania kwamba marehemu mumewe, Cleotha, aliuawa na chakula kisicho na chumvi. Verlene alimjibu kwamba nyumbani alikuwa anatia chumvi, na ndiyo hiyo iliyomuua.

Mwezi wa nane mfugaji Hollis Pruett alileta samaki wa Bwawa la Tisa. Verlene alitafuna, akaacha kutafuna. Halikuwa tope. Lilikuwa jambo baridi, kali, lililopanda puani, na nyuma yake utamu. Alisema bwawa halijawa tayari. Wiki iliyofuata ladha ilirudi vilevile. Tamesha, binti ambaye Verlene alikuwa akimfundisha kazi, alionja kipande hicho hicho na hakupata kitu.

"Shangazi, huyu safi kabisa. Huyu angeweza kubatizwa."

Mara ya tatu Verlene aliweka uma chini. Ulimi ulikuwa umekumbuka kabla ya kichwa. Alikuwa na miaka tisa, baridi imeingia kwenye nyufa za nyumba ya wapangaji wa shamba la pamba, na mama yake anadondosha matone matatu ya mafuta ya taa kwenye kijiko cha sukari. Ilikuwa dawa ya kifua, na kila mama wa mashambani aliijua. Aliyepewa ni Lonzo, mdogo wake, wa miezi kumi na minne, ambaye kifua kilikuwa kikimbana kama mlango uliovimba. Haikusaidia. Walipomlaza kwenye kisanduku, Verlene aliambiwa ambusu, akambusu mdomoni. Hiyo ndiyo ladha iliyokuwa ndani ya samaki.

Lonzo alizikwa nyuma ya nyumba, bila jiwe, wakachomeka chupa ya buluu ardhini upande wa kichwa, iwe alama. Mwaka uliofuata mwenye shamba aliwahamisha. Nyumba iliungua, miti ikang'olewa, maji ya mabwawa yakaja. Ardhi tambarare haina uso. Ukiiondolea nyumba na mti, hata aliyezaliwa pale hawezi kuionyesha kwa kidole.

Meneja wa kiwanda alipeleka samaki maabara. Hakukuonekana mafuta wala sumu. Akamwambia Verlene kwa upole kwamba kama si tope wala si mafuta, basi ni ulimi wake. Ijumaa angeonja Bwawa la Tisa mara ya mwisho. Akilikataa tena, kuanzia Jumatatu uma ungekuwa wa Tamesha.

Alhamisi asubuhi alimwomba Hollis ampeleke. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabwawa, na matuta yote yalinyooka ndani yake kama yaliyopigwa rula, isipokuwa moja. Kwenye kona ya kusini ya Bwawa la Tisa tuta lilipinda bila sababu, kisha likawa limemeguka, maji yameingia. Verlene aliuliza kwa nini limepinda.

Hollis alizima injini, mikono ikabaki kwenye usukani. Kisha akaeleza kwamba siku baba yake alipochimbisha bwawa, dereva wa tingatinga alikuta chupa ya buluu imesimama juu ya kaburi dogo, akakataa kusonga mbele. Mzee akamwambia azunguke. Miaka minne iliyopita mawimbi ya upepo yalianza kuila kona, na mwaka jana maji yakalifikia kaburi.

"Ulijua, Bwana Hollis?"

"Nilijua kuna mtoto, Bi Verlene. Sikujua ana mwenyewe."

"Sasa umejua. Toa maji."

"Na samaki niwapeleke wapi? Hawa wako ndani tangu mwaka jana. Nisipowauza, benki inachukua bwawa, na atakayekuja hataniuliza kona ni ya nini. Waachie wapite. Mwezi wa kwanza nalikausha, tunamtoa mtoto sote wawili, mimi na wewe."

Verlene aliyatazama maji. Aliwajua akina Pruett. Waliweza kupindisha tuta kwa ajili ya maiti, wasiweze kumtafuta mama yake wakamwambia. Neno lao lilikuwa nusu. Lakini nusu hiyo ndiyo pekee iliyokuwapo, na ili aipate ilimbidi awaambie watu wasiojua kitu kwamba samaki wale ni safi.

Ijumaa Tamesha alifungua mfuko. Harufu ilimfikia Verlene kabla hajainama. Waonjaji hutafuna na kutema, kuna ndoo kwa kazi hiyo, na kwa miaka yote Verlene hakuwahi kumeza samaki wa mtu kazini. Alikata mkia, akatafuna polepole, amefumba macho, na ladha ikawa nzito hata meno yakapata ganzi. Tamesha alimsogezea ndoo. Verlene aliisukuma kwa mguu, akameza.

Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha kifua cha mtoto kisichozidi upana wa kiganja, na hakikutoka mahali ambapo vikohozi vyake hutoka.

"Mwiba, shangazi?" Tamesha aliuliza, akirudi nyuma hatua moja.

"Hapana," alisema Verlene, na kukata kipande kingine. "Andika safi."