Mstari Uliofifia Katika Damu ya Mama

Mwaka ule nilikuwa natafuta damu ya watu wazima wenye afya. Kazi yangu, katika maabara moja ya Kigali, ilikuwa kutenganisha esterasi, vimeng'enya vilivyomo ndani ya chembe za damu, na kuchunguza kila kimoja kinafanya nini. Mama alikuwa wa kwanza kujitolea. Alikuja kutoka mtaa wa Gitega amevaa kitenge chake cha Ijumaa, akanyoosha mkono na kutazama pembeni.

Niliosha chembe nyekundu kwa maji ya chumvi, nikazipasua, nikatia maji yaliyotoka ndani yake kwenye jeli na kupitisha umeme. Vimeng'enya hutembea humo, kila kimoja kwa mwendo wake. Ukitia rangi, vinajitokeza kama mistari ya kahawia. Kwa watu wengine mstari niliokuwa nikiutafuta ulikoza. Wa mama ilibidi niinue jeli dirishani ndipo niuone.

"Damu yangu iko nzuri?" aliniuliza kwa simu.

"Bado sijui, mama. Nadhani nimekosea mahali."

Niliamini hivyo. Nikarudia, nikabadili rangi, nikarudia tena. Wiki tatu zikapita. Sikujiuliza kwa nini macho yake yalikuwa yakichuruzika machozi, wala kwa nini siku hizo alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilijua kwamba alilima nyanya bondeni, chini ya kilima cha Kagarama, na kuzipulizia dawa ya wadudu mwenyewe, bomba mgongoni, pua wazi. Nyanya hizo ndizo zilizonisomesha. Nilijua pia kwamba dawa za namna ile hudhoofisha esterasi, na esterasi dhaifu hutoa mstari hafifu. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu bila kukutana.

Jirani wa shambani alimkuta ameanguka kati ya matuta, mate yakimtoka.

Hospitalini daktari aliniuliza kama kulikuwa na dalili yoyote kabla. Nikamweleza habari za ule mstari. Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kuandika.

Mama alipona, lakini si sana. Nilimwambia yote.

"Ungeniambia hata kama ulikuwa hujui," akasema. "Ningeacha shamba siku mbili tatu, nikusubiri."

Hakulirudia tena neno hilo. Shamba sasa analilima mtu mwingine. Mikono ya mama haijatulia mpaka leo. Chai namnywesha mimi, kila asubuhi, kabla sijaenda kazini.