Fenesi Nyuma ya Darasa

Juzi mtoto wa dada yangu alinikuta nimejilaza kibarazani hapa Mafiga, kazi ninayoimudu kuliko zote. Ana daftari mkono mmoja, kipande cha fenesi mkono wa pili. Akaniuliza "get" ya Kiingereza maana yake nini hasa. Harufu ya fenesi ikanifika, nikageuzia uso ukutani.

Ngoja nikueleze, maana wewe hutanicheka sana. Sekondari kwetu Kiswahili kilikuwa marufuku. Ukinaswa unakisema, unavalishwa shingoni taya la ng'ombe lililotoka machinjioni, limefungwa kamba ya katani, linateleza mafuta, nzi tele. Ili ulivue, sharti umnase mwenzako. Atakayekuwa nalo kengele ya mwisho ikilia anasugua vyoo, na vyoo vile tusivizungumze, huenda unakula.

Basi tukajificha ndani ya "get". Mwalimu alisema kitenzi hicho kinabeba mizigo kuliko mchukuzi wa stendi ya Msamvu: kupata, kufika, kuelewa, kuugua. Sisi tukakiongezea. Kuomba maji, "get". Kuomba ruhusa, "get". Nilishinda siku nzima na neno moja, nikajiona msomi.

Siku moja nyuki akaniuma, nikasema "mama yangu weee". Nikavalishwa. Mchana nikajitenga nyuma ya darasa, nzi wananitambaa kidevuni. Jirani yangu wa dawati, binti wa huko Mkuyuni, akanifuata na fenesi kwenye jani la mgomba. Akanong'ona, "Pole jamani. Kula kidogo, achana nao hao."

Nikala. Nilimaliza kwanza, uone nilivyo. Kisha nikaenda kwa kiranja, vidole bado vinanata utomvu, nikamtaja.

Hakubisha. Alilivaa, jioni akasugua vyoo peke yake, mimi nikiwa nyumbani nimenyoosha miguu. Tangu siku ile hadi tunamaliza kidato cha nne hakuniambia tena neno la Kiswahili, hata nje ya geti, hata tulipokutana sokoni. Kiingereza tu, kifupi, safi.

Vyoo vile vimebomolewa. Taya sijui liliishia wapi. Yeye pia sijui.

Nikamtajia mtoto maana zote ninazozikumbuka, akaandika. Alipomaliza akanisogezea kipande chake. "Mjomba, kula basi kidogo."

Nikamwambia nimeshiba.