Nilimshindisha Tumbili Njaa Hadi Mifupa Yake Ikavunjika kwa Pigo Moja

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Nihukumuni, lakini kwanza mnisikilize.

Mimi ni mkulima huku Kiambere. Tumbili wametutesa, jamani! Unapanda mahindi na ndengu, wao wanavuna. Msimu mmoja walinimalizia shamba lote. Siku niliyonasa mmoja kwa mtego, jike mwenye afya yake, sikumuua. Nilitaka ateseke.

Nilimfunga mnyororo kiunoni, nyuma ya jikoni. Kila asubuhi nilimtupia kipande cha ugali baridi, kama ngumi ya mtoto. Basi! Hakuna kingine mpaka kesho.

Mke wangu alinisihi. "Baba Wawira, muue ama umwachilie. Hii si adhabu tena."

"Wewe shughulika na sufuria zako," nikamjibu. Aki ya Mungu, nilimjibu hivyo!

Tumbili alikaa pale karibu miaka miwili. Manyoya yakapukutika, mgongo ukapinda. Nilipoona bado anapumua, nikajiambia njaa haijamfanya kitu.

Jumapili moja tuliporudi kutoka kanisani, binti yetu Wawira, wa miaka minane, alimsogelea na bakuli la githeri. Tumbili akanyoosha mkono, akachota punje chache. Wawira akacheka. Mimi damu ikanipanda, nikashika fimbo ya ng'ombe.

Pigo moja tu! Pigo ambalo mbuzi angelipokea na kuendelea kula. Mkono ulivunjika, kwa! kama kijiti kikavu. Badala ya kuacha, nikampiga teke. Paja nalo likavunjika. Kisha nikasikia mtu anapiga nduru. Alikuwa mtoto wangu.

Mke wangu aliita daktari wa mifugo. Alimpapasa yule mnyama, akanigeukia.

"Mzee, huyu amekuwa akijila mwenyewe. Ukiunyima mwili chakula, wenyewe unachota ndani yake. Mafuta yakiisha, unaenda kwa nyama, unaenda kwa mifupa. Hata mtu ungemfanyia hivi, angevunjika hivi."

Akamdunga sindano ya kumpumzisha milele. Wawira alikuwa bado amesimama hapo.

Mke wangu hakulia. Alikunja nguo zake na za mtoto, akaenda kwao Kianjokoma. Mlangoni aliniambia, "Leo ni tumbili. Kesho utamfunga nani?"

Nilikaa miezi mitatu kabla wakwe zangu hawajaniruhusu kumwona mtoto. Tuliketi mezani, nikanyoosha mkono kuchukua chumvi.

Wawira akajikunja, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili! Mtoto ambaye sijawahi kumchapa hata siku moja! Baba mkwe akaweka kijiko chini. Niliondoka kabla chai haijaletwa, na mpaka leo sijaitwa tena.

Ndugu zangu, mnyama akikuharibia shamba, mfukuze. Piga debe, weka ua, lala shambani ukitaka. Lakini usimfunge umtese polepole ukijidanganya kwamba unamkomoa yeye peke yake. Watoto wako wanakuangalia, na siku watakapoanza kukuogopa, hakuna daktari utakayemwita.