Mheshimiwa Yuko Kikaoni

Ninyi mnamwita Mheshimiwa. Mimi namwita Kamande, kwa sababu nilimjua kabla ya suti. Alifika hapa Lanham, Marekani, na sanduku moja, akawa anaogesha wazee mchana na kusomea sheria jioni, na siku alipoapishwa kuwa wakili kanisa letu zima lilipika. Sifa hiyo simnyimi. Bidii alikuwa nayo.

Kisha akautaka ubunge wa jimbo. Nani alimbishia hodi mlango kwa mlango? Mimi, Edah. Wiki sita, nikitoka zamu miguu imevimba, nawaambia watu, "Huyu ni wetu." Tukampeleka Annapolis, kwenye bunge la jimbo, kwa vigelegele.

Shukrani ya punda ni mateke. Mwaka uliofuata mume wangu alihamia Rockville na binti yetu Abigail, wa miaka miwili. Nikaenda kortini kumdai mtoto wangu, na nani nikamkuta upande wa pili? Kamande. Sikuelewa kwa nini mume wangu amchague yeye, hadi Januari. Bunge hilo hukaa Januari hadi Aprili, na mbunge aliye wakili anaruhusiwa kuahirisha kesi zake. "Mheshimiwa yuko kikaoni," karani akaniambia. Tukapewa Oktoba. Oktoba akawa na kamati. Halafu Januari tena. Mume wangu alihitaji muda tu, na muda Kamande alikuwa nao tele, tena nilimpa mimi.

Nilimvizia nje ya korti. "Kamande, mtoto ananisahau."

"Mama Abi, hiyo ni procedure tu. Be patient kidogo."

Mnafiki yule! Nilitamani kumzaba kofi.

Abigail alikuwa na miaka mitano hakimu alipotusikiliza, nusu saa. Akasema mtoto ameshazoea kwa baba yake, si vizuri kumhamisha. Kamande akafunga faili bila kuniangalia. Mimi nikapewa Jumapili mbili kwa mwezi.

Juzi alikuja kanisani kuomba kura, mkono mbele. "Mama Abi, tuko pamoja?"

Ilikuwa Jumapili yangu. Abigail akanivuta nguo. "Edah," akasema kwa Kiingereza chake, "nirudishe nyumbani kwa baba."

Nikamuuliza Kamande, "Umesikia mwanangu anavyoniita?"

Akaupeleka mkono kwa aliyekuwa nyuma yangu.